Alt+Tab Inapogoma: Kosa Liko Wapi?

Anayefanya kazi kutwa kwenye kompyuta haifikirii Alt+Tab mpaka siku inapogoma. Mhasibu ana jedwali huku na stakabadhi kule; mfasiri ana matini, kamusi na barua pepe; mwanahabari ana sauti aliyoirekodi na ukurasa anaouandika. Wote huhama dirisha hadi dirisha kwa vidole viwili, macho yakiwa kwenye kazi. Njia hiyo ikikatika, mkono unarudi kwenye mausi kila dakika na fikra inakatika nao. Kwa mtumiaji asiyeona hasara ni kubwa zaidi. Anayetegemea NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini kwa sauti aliyoianzisha Michael Curran huko Australia mwaka 2006, hana faida yoyote na mausi. Kompyuta nzima anaiendesha kwa kibodi, na Alt+Tab ndiyo njia yake kuu ya kutoka programu moja kwenda nyingine. Sauti ya eSpeak NG inayokuja na NVDA inasoma hata Kiswahili, kwa hiyo wapo wenzetu ambao kugoma huku kunawafungia kazi kabisa.

Tiba inayotolewa mara nyingi haina uchunguzi ndani yake. Mtu ataambiwa azime na kuwasha. Isipokubali, ataambiwa ampelekee fundi ampigie Windows upya. Kupiga Windows kwa sababu ya vitufe viwili ni kosa la kifundi: kunahatarisha faili za mtu, kunamlipisha gharama, na mara nyingi hakugusi kabisa mahali palipoharibika. Lalamiko ni moja lakini maradhi ni mengi, na namna Alt+Tab inavyogoma ndiyo inayoeleza maradhi yako wapi. Kinachofanya kazi hii ionekane ngumu ni ukimya wa mifumo yenyewe. Kitufe kikipotea njiani, hakuna anayemwambia mtumiaji kimepotelea mikononi mwa nani.

Tuifuate njia hiyo. Unapobonyeza Tab huku umeshikilia Alt, kibodi haitumi amri ya kubadilisha dirisha. Inatoa taarifa tu kwamba vitufe fulani viko chini. Kibodi ya USB katika muundo wake wa msingi hutuma fungu la baiti 8. Baiti ya kwanza ni ya vitufe visaidizi vinane pekee, yaani Ctrl, Shift, Alt na kile cha Windows, vya kushoto na vya kulia, kila kimoja na biti yake. Ya pili imewekwa akiba, na sita zilizobaki hubeba vitufe vya kawaida, Tab kikiwamo. Draiva inalisoma fungu hilo na mfumo endeshi unalitafsiri. Kisha programu zilizoomba kusikiliza kibodi hupewa nafasi ya kutazama kabla ya wengine, na yoyote kati yao inaweza kukimeza kitufe kisiendelee mbele. Vitufe vikipita salama, kuna chombo kinachoamriwa kuchora orodha ya madirisha, na ukiachia Alt, dirisha ulilochagua linaletwa mbele. Njia ikikatika mwanzoni, katikati au mwishoni, mwenye kompyuta atasema neno lilelile: haifanyi kazi.

Swali la kwanza basi ni hili: je, orodha inatokea?

Kama haitokei kabisa, usiguse mipangilio bado. Hakikisha kwanza vitufe vinafika. Fungua programu ya kuandikia ubonyeze Tab peke yake uone kama kishale kinaruka. Bonyeza Alt peke yake kwenye dirisha lenye menyu uone kama menyu inaamka. Windows ina kibodi ya skrini inayofunguliwa kwa Ctrl, kitufe cha Windows na O kwa pamoja. Ukibonyeza kitufe halisi, mwenzake kwenye skrini huwaka. Kisha fanya jaribio ninalolithamini kuliko yote: shikilia Alt ubonyeze Esc. Alt+Esc hubadilisha madirisha moja kwa moja bila kuchora orodha yoyote. Ikifanya kazi huku Alt+Tab imekataa, umeshajua kwamba Alt ni nzima na mfumo unasikia. Wanaobaki kushukiwa ni kitufe cha Tab, mchoraji wa orodha, au programu iliyojiweka katikati ya njia. Jaribio hilo halichukui hata nusu dakika, nalo linaondoa nusu ya uwanja.

Alt nayo ina vituko vyake. Kwenye kibodi za Kifaransa, ambazo ni za kawaida Kongo na Burundi, na kwenye kompyuta za mtumba zilizotoka Ujerumani, kitufe cha upande wa kulia kimeandikwa Alt Gr, na Windows hukihesabu kama Ctrl na Alt zilizobonyezwa pamoja. Ctrl+Alt+Tab ni amri nyingine kabisa: hufungua orodha ileile lakini huiacha wazi hata ukiachia vidole, mpaka uchague kwa mishale na kubonyeza Enter. Anayetumia kidole cha kulia ataona orodha imeganda na kudhani mashine imekwama, wakati kompyuta imetii ilichoagizwa. Ziko pia kibodi zinazouzwa kwa ajili ya Mac na Windows kwa pamoja, zenye swichi au mseto wa vitufe unaobadilishana nafasi za Alt na kitufe cha Windows. Swichi ikiguswa bahati mbaya, Alt yako inakuwa kitufe cha Windows, na badala ya orodha ndogo katikati ya skrini unafunguliwa ukumbi mzima wa Task View, uliokuja na Windows 10 mwaka 2015. Ukiuona ukumbi huo, usitafute kosa kwenye programu. Geuza swichi.

Huduma zilizowekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu huweza pia kuwashwa bila kukusudia. Kubonyeza Shift mara 5 mfululizo huleta Sticky Keys, ambayo hukifanya kitufe kisaidizi kibaki kana kwamba kimeshikiliwa mpaka ubonyeze kingine. Kushikilia Shift ya kulia kwa sekunde 8 huleta Filter Keys, ambayo hupuuza mibonyezo mifupi, na Alt+Tab ya mtu aliyezoea ni mibonyezo mifupi mno. Dalili yake ni kwamba herufi nazo zinaanza kuchelewa au kukosekana unapoandika.

Uchafu, chai iliyomwagika na unyevu wa pwani havihitaji maelezo marefu. Chomeka kibodi nyingine. Ikifanya kazi, mjadala umekwisha. Ila kama Alt ya kushoto imekufa na ya kulia ni nzima kwenye kibodi ileile, na kibodi nyingine nayo inaonyesha ugonjwa huohuo, basi si uchafu. Tazama kwenye rejista ya Windows kama kuna kitu kinachoitwa Scancode Map, chini ya sehemu ya Keyboard Layout. Hapo ndipo msimamizi wa kompyuta anapoweza kukizima kitufe kimoja kwa watumiaji wote, na agizo lake hubaki hata baada ya kuzima na kuwasha. Aliyenunua kompyuta iliyokuwa ya mgahawa wa intaneti au maabara ya shule ana sababu nzuri ya kupaangalia mapema.

Sehemu iliyojaa mambo zaidi, na inayosahauliwa zaidi, ni ile ya katikati. Windows inaruhusu programu ya kawaida kuweka ndoano kwenye mkondo wa kibodi na kuona kila kitufe kabla hakijafika kwingine. Ruhusa hii ina kazi halali. NVDA inaihitaji ili itambue amri zake. Programu za kupanga upya vitufe zinaihitaji. Safe Exam Browser, iliyotengenezwa katika chuo kikuu cha ETH Zurich, huitumia kuzuia Alt+Tab kwa makusudi, mtahiniwa asitoke kwenye mtihani kwenda kutafuta majibu. Programu za kurekodi skrini, za michezo na za watengenezaji wa kibodi nazo huingia humo, na baadhi ya kibodi za michezo zina hali maalumu inayozima Alt+Tab ili mchezaji asitupwe nje katikati ya pambano. Tatizo si kwamba ndoano zipo. Tatizo ni kwamba programu inaweza kufungwa vibaya au kusahaulika ikiendelea nyuma ya pazia, na mtumiaji hana mahali pa kuona nani kashika nini.

Linganisha na Ctrl+Alt+Del. Mseto huo ulianza kama njia ya kuwasha upya kompyuta za IBM, kazi ya mhandisi David Bradley, na Windows NT ya mwaka 1993 ikaupa kazi ya ulinzi: hakuna programu ya kawaida inayoweza kuunasa. Alt+Tab haikupewa heshima hiyo. Kwa hiyo ukibonyeza Ctrl+Alt+Del na skrini ikaitikia huku Alt+Tab ikibaki kimya, jua kwamba njia ya vitufe kutoka kibodi hadi ndani ya mfumo inapitika, na uanze kushuku walioko katikati. Funga programu moja moja, ukianza na zile zilizojificha karibu na saa kwenye kona ya skrini. Kama hilo halitoshi, washa Windows kwa kuzima huduma zote zisizo za Microsoft kupitia msconfig, kisha zirudishe kwa mafungu ya nusu kwa nusu mpaka mkosaji ajitokeze.

Kuna namna mbili za kugoma ambazo ndizo saini ya ndoano. Ya kwanza: njia yako ya kubadilisha madirisha, uliyoipanga kwa programu ya ziada, inafanya kazi kila mahali isipokuwa pale dirisha la mbele linapokuwa limefunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi, mfano Task Manager. Tangu Windows Vista, programu yenye mamlaka ya kawaida hairuhusiwi kunasa vitufe vinavyokwenda kwenye dirisha lenye mamlaka makubwa. Huo ni ulinzi, na ni ulinzi mzuri. Ya pili ni mbaya zaidi: njia inafanya kazi asubuhi, mchana inakufa, na programu yenyewe inaonekana bado iko hai. Mfumo humpa mwenye ndoano muda mfupi wa kujibu, unaohesabiwa kwa milisekunde. Akichelewa kwa sababu kompyuta imelemewa, kuanzia Windows 7 mfumo unaweza kuiondoa ndoano yake kimyakimya, na nyaraka za Microsoft zinakiri kwamba programu haina njia ya kujua imeondolewa. Mtumiaji anaifunga na kuifungua programu ile, inapona, na hajui kwa nini.

Mchoraji wa orodha naye huugua. Kwenye Windows kazi hiyo inafanywa na Explorer, ileile inayochora upau wa chini na kufungua mafolda. Ikiganda, dalili huja pamoja: upau hauitikii, menyu ya Start haifunguki, na Alt+Tab inakufa nayo. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, tafuta Windows Explorer katika Task Manager, iamuru ianze upya. Kazi uliyofungua katika programu nyingine haiguswi. Kwenye Mac, ambako mseto ni Command+Tab, mchoraji ni Dock, na amri ya killall Dock ndani ya Terminal humfufua kwa njia hiyohiyo.

Ushauri mmoja unaozunguka sana ni ule wa kubadilisha thamani ya ForegroundLockTimeout katika rejista kutoka 200000 hadi sifuri. Sikubaliani na wanaouweka mbele. Namba hiyo ni milisekunde, na kazi yake ni kuzizuia programu zisijirushe mbele zenyewe wakati mtu anaandika. Alt+Tab ni agizo la mtumiaji mwenyewe. Kuifanya sifuri ni kufungulia kila programu mlango wa kukurukia katikati ya sentensi, kwa matumaini ya kutibu kitu kingine. Thamani nyingine ya rejista, AltTabSettings, inayorudisha orodha ya zamani ya aikoni kwenye Windows 10, ina faida zaidi kwa sababu ni kipimo: orodha ya zamani ikifanya kazi na mpya ikikataa, umeshajua kosa liko kwenye uchoraji.

Sasa tuchukue upande wa pili: orodha inatokea, lakini dirisha unalolitaka halimo. Hapa mara nyingi hakuna kilichoharibika. Windows 10 ilileta meza za kazi zaidi ya moja, na katika Mipangilio, sehemu ya Multitasking, kuna uchaguzi wa kama Alt+Tab ionyeshe madirisha ya meza uliyopo tu au ya zote. Toleo la Oktoba 2020 likaongeza kurasa za kivinjari cha Edge ndani ya orodha hiyohiyo, na aliyefungua kurasa nyingi akajikuta anapekua kurasa wakati anatafuta jedwali. Sehemu ileile ya mipangilio inaziondoa.

Au dirisha limo, unalichagua, na halionekani. Hili huwakuta wanaofundisha kwa projekta. Dirisha lilibaki upande wa skrini ambayo sasa imechomolewa, na mfumo bado unalihesabu liko kule. Lichague kwa Alt+Tab, kisha bonyeza kitufe cha Windows, Shift na mshale wa kushoto au kulia, mara nyingi litarudi. Kwenye Mac, dirisha lililopunguzwa halifunguki kwa Command+Tab ya kawaida. Shikilia Option kabla hujaachia Command. Tena Command+Tab huhama baina ya programu, si madirisha, kwa hiyo mwenye hati tatu za programu moja ataona moja tu. GNOME 3, mazingira ya eneokazi ya Linux yaliyotoka mwaka 2011, yalifuata mkondo huo na kuhamishia madirisha ya programu moja kwenye Alt na kitufe kilicho juu ya Tab. Wengi waliotoka kwenye mifumo mingine walidhani kuna kosa. Naona hoja ya wabunifu wake, lakini kubadilisha maana ya mseto ambao mikono ya watu ilishauzoea ni jambo zito kuliko walivyolipima. Bahati nzuri mipangilio ya kibodi inaruhusu kurudisha Alt+Tab kwenye madirisha.

Linux, kwa kweli, ndiyo inayotoa majibu ya wazi zaidi kwa anayejua kuuliza. Kwenye mfumo wa X11, programu inayosimamia madirisha lazima iombe rasmi kukabidhiwa Alt+Tab, na mseto mmoja hukabidhiwa mmoja tu. Wa pili akiomba, anakataliwa. Fungua xev, dirisha dogo linaloandika kila tukio la kibodi, kisha bonyeza Alt+Tab. Ukiona limeandika kwamba Tab imebonyezwa, maana yake hakuna aliyekabidhiwa: msimamizi amekufa au mseto umefutwa kwenye mipangilio yake. Kwenye eneokazi la Xfce, msimamizi ni xfwm4, na akifa madirisha hupoteza vichwa vyao vya juu pamoja na Alt+Tab. Amri ya xfwm4 --replace humrudisha. Kinyume chake, ukiona xev imeandika kwamba imepoteza mwelekeo wa kibodi na Tab haikufika, basi yupo aliyekishika kitufe.

Wanaoandika Kiarabu na Kiswahili kwenye mashine moja, kama wengi wa Zanzibar na Oman, wana mgongano wao. Wakiweka Alt na Shift kuwa za kubadilisha lugha, Alt+Shift+Tab, inayorudi nyuma kwenye orodha, inaweza kupokonywa nusu ya njia. Chagua mseto mwingine wa lugha na ugomvi unaisha.

Hali ya mwisho ni ya kompyuta ndani ya kompyuta. Anayefanya kazi kwenye seva ya ofisi kupitia Remote Desktop hubonyeza Alt+Tab na kujikuta ametupwa nje, kwenye mashine yake mwenyewe. Kwa kawaida programu hiyo hupeleka mseto huo kwenye seva pale tu inapojaza skrini nzima. Ikiwa ndani ya dirisha dogo, tumia Alt+Page Up, ambayo imewekwa kwa kazi hiyohiyo. Kwenye VirtualBox, Ctrl ya kulia ndiyo inayoamua kibodi ni ya mwenyeji au ya mgeni. Ni maswali ya umiliki tu, hakuna cha kutengenezwa.

Ukipeleka kompyuta kwa fundi, mwandikie uliyoyaona: kama orodha ilitokea, kama Alt+Esc inafanya kazi, kama ugonjwa uko kwenye programu zote au moja. Nawe fundi, ukiambiwa haifanyi kazi, yaulize hayo kabla ya kushika diski ya Windows. Lakini mzigo mkubwa uko kwa watengenezaji wa mifumo. Mtumiaji anastahili ukurasa mmoja wa mipangilio unaotaja kwa jina kila programu inayosikiliza kibodi yake. Hitaji hilo linazidi hata Alt+Tab, kwa sababu anayeweza kumeza kitufe anaweza pia kusoma neno la siri. Tangu toleo la Catalina la mwaka 2019, Mac huonyesha programu zilizopewa ruhusa ya kusoma kibodi na kumwachia mwenye mashine azizime. Windows haina ukurasa wa namna hiyo.